Waasil bin Ataa na herufi ra: mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye uzito wa ulimi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote anastahiki Allah (SWT), aliyemuumba mwanaadamu na akamjaalia uwezo wa kueleza yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, likizo iliyopita nilialikwa kwenda kutoa darasa Kiruruma, Karagwe, katika mkoa wa Kagera. Kwa asiyepajua, huko ni mbali. Mtu huvuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha hupanda basi akaikata nchi nzima mpaka karibu na mipaka ya Rwanda na Uganda. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Lakini Waislamu wa huko si wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani yetu ilikuwa na kituo Kafuro, huko huko Karagwe, na Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta hapo mfanyabiashara wa Kiarabu, Hamed bin Ibrahim, ameshaweka makaazi.

Baada ya sala ya alasiri waliniletea watoto wa chuo ili niwasikilize. Alikuwepo kijana wa kama miaka kumi na moja. Nilipomuuliza anatoka wapi, alisema Kiyuyuma. Wenzake wakaangua kicheko, na mwalimu wake akamkemea aseme vizuri. Akainamisha kichwa, asiseme tena. Nikamwambia basi anisomee sura yoyote aipendayo, akanisomea Suratul Ikhlas. Mwalimu akaniambia kwa masikitiko kwamba kila anapoitwa kusoma mbele ya watu husoma hiyo hiyo tu, kwa sababu ni mvivu wa kuhifadhi.

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilizipitia moyoni sura kumi za mwisho, kuanzia Alam tara mpaka Qul audhu birabbin-nas. Ukiiweka kando Bismillahi, katika sura hizo kumi ni Ikhlas peke yake isiyokuwa na herufi ra. Yule mtoto hakuwa mvivu. Alikuwa ameshazipekua zote, akaijua iliyo salama kwake, na akajificha humo. Hapo nikamkumbuka mtu aliyefanya kama hivyo miaka 1,300 iliyopita, na wanachuoni wakaandika habari zake. Mtu huyo ni Waasil bin Ataa.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili asije mtu akanifahamu vibaya. Waasil ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Muutazila, na katika mas-ala ya itikadi wanachuoni wetu walikhitalifiana naye na wakamjibu. Simleti hapa tufuate rai zake. Namleta kwa ajili ya ulimi wake, na kwa yale ambayo mzazi na mwalimu wa leo wanaweza kujifunza kwake.

Waasil alizaliwa Madina mwaka 80 Hijria, sawa na 699 Miladia. Hakuwa Mwarabu wa nasaba kubwa. Alikuwa miongoni mwa mawali, yaani watu walioungana na makabila ya Kiarabu kwa uhusiano wa uwalii. Baadaye alihamia Basra. Sisi wa visiwani jina la Basra tunalijua. Ndiko alikofundisha Imam Jabir bin Zayd, aliyetoka Oman, na ndiko alikofundisha Al-Hasan Al-Basri, ambaye darasa lake msikitini lilikusanya watu wa kila namna, wenye zuhudi, wenye fiqhi, na mabingwa wa lugha.

Basra ya wakati huo ilikuwa mji wa ulimi. Mtu alipimwa kwa usemi wake. Aliyejua kuzungumza alisikilizwa na magavana, na aliyekosea irabu alichekwa sokoni. Katika mji kama huo Waasil aliingia akiwa na kitembe cha herufi ra. Kila ilipomjia, ulimi wake haukuweza kuitoa kama inavyotakiwa. Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliyeandika kwa marefu juu ya ufasaha na kasoro za ulimi, anasema kitembe huingia katika herufi nne za Kiarabu: qaf, sin, lam na ra. Anamtaja Waasil kuwa ni mfano mkubwa wa kitembe cha ra, na anasema kilikuwa kibaya kwa kiasi cha kumtia aibu mwenyewe.

Imepokewa kwamba Waasil alipokuwa akihudhuria darasa la Al-Hasan alikaa kimya muda mrefu hata baadhi ya waliokuwepo wakadhani ni bubu. Hebu tulitafakari hilo kidogo. Mtu ambaye baadaye majina ya wakubwa wa ilimu yatatajwa pamoja na lake, alikaa miongoni mwa wasomi, na wao wakamuona hana la kusema. Kichwani mwake maneno yalikuwa yamejaa. Kilichomzuia ni herufi moja.

Lakini tazama pia upande wa pili. Hatukupokea kwamba alifukuzwa darasani kwa sababu ya kimya chake. Alikaa akasikia, akajifunza. Hili ni la kumshukuru yeye kwa subira yake, na ni la kulishukuru darasa lililomuachia nafasi ya kukaa.

Kisha akatoka katika kimya. Kisa mashuhuri ni cha mtu aliyekuja kumuuliza Al-Hasan kuhusu Muislamu mwenye kutenda dhambi kubwa, jee anabaki kuwa muumini au anatoka? Kabla shekhe hajajibu, inasimuliwa kuwa Waasil alijibu yeye, kwamba mtu huyo si muumini kamili wala si kafiri, bali yupo katika daraja baina ya daraja mbili. Kisha akainuka akaenda kukaa kwenye nguzo nyengine ya msikiti, na Al-Hasan akasema kuwa amejitenga nao. Inasemwa kuwa jina la Muutazila limetoka hapo. Wapo wanaolipa jina hilo asili nyengine, na hilo si shughuli yetu leo. Linalotuhusu ni kwamba yule waliyemdhania bubu sasa alikuwa na halaka yake mwenyewe.

Alifanyaje na ra? Aliamua kuiacha kabisa. Alijizoeza mpaka akawa anazungumza, anahojiana na anahutubia bila ya kutumia neno hata moja lenye herufi hiyo. Kiarabu ni bahari, na yeye aliogelea humo akilikwepa jiwe moja. Ngano kwa Kiarabu fasaha cha Hijaz ni burr. Yeye alisema qamh au hinta, na Al-Jahiz anaeleza kuwa Waasil alijua vyema kuwa burr ndilo lililo fasaha zaidi. Hakulikosa kwa ujinga. Alilikwepa kwa dharura.

Hata watu aliwaita kwa njia hiyo. Alipogombana na mshairi kipofu wa Basra, Bashshar bin Burd, ambaye mwanzo alimsifu kisha wakahasimiana, Waasil alisema juu yake maneno makali sana ambayo hatuyasifu. Lakini waliohadithia ugomvi ule waliona ajabu moja. Hakumwita Bashshar wala bin Burd, alimwita kwa kunia yake, Abu Muadh. Kipofu hakusema dharir, alisema aama. Kitanda hakusema firash, alitumia neno jengine. Hata katika ghadhabu, wakati ambapo sisi wazima hatujui tunasema nini, yeye alikuwa bado anachagua herufi.

Siku iliyomtangaza zaidi ni ile aliyosimama mbele ya Abdullah bin Umar bin Abdulaziz, mtoto wa khalifa mwema Umar bin Abdulaziz, aliyekuwa gavana wa Iraq kuanzia mwaka 126 Hijria (744). Walikusanyika mabingwa wa hotuba: Khalid bin Safwan, Shabib bin Shayba na Al-Fadhl bin Isa Ar-Raqashi. Wote walizungumza. Kisha akasimama Waasil, na inasimuliwa kuwa alizungumza bila ya kujitayarisha, akawapita. Hotuba hiyo imehifadhiwa mpaka leo, na ukiisoma mwanzo hadi mwisho huikuti ra. Alipofika pahala pa kujikinga kwa Allah na shetani, badala ya kumwita shetani rajim alitumia sifa nyengine ya upotevu. Badala ya kutaja Ar-Rahman Ar-Rahim, alimtaja Allah kwa majina ya Al-Fattah na Al-Mannan. Kisha akasoma sura. Sura gani? Suratul Ikhlas.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza chuo kikuu, katika somo la balagha, mwalimu wetu aliyataja kama maajabu ya lugha, tukastaajabu, tukaandika, tukapita. Kiruruma, nikiwa nimelala chini ya chandarua, ndipo nilipoona kitu ambacho sikukiona miaka yote hiyo. Yule mtoto na Waasil walikimbilia sura ile ile.

Katika maisha yake ya kawaida Waasil alikuwa mtu wa ibada na mkono wazi. Aliitwa Al-Ghazzal, msokotaji nyuzi, na hali hakuwa msokotaji. Inaelezwa kuwa alikuwa akikaa katika soko la nyuzi ili awajue wanawake mafukara wenye kujistahi wanaouza kazi ya mikono yao, apate kuwapa sadaka. Shingo yake ilikuwa ndefu, na Amr bin Ubayd, kabla ya kumjua, aliiona akasema hakuna kheri kwa mtu mwenye shingo kama hii. Baadaye Amr alishindwa naye katika mjadala, akawa sahibu yake, na Waasil akamuoa dada yake Amr. Bibi huyo anahadithiwa kueleza kuwa mumewe alipokuwa akisimama kusali usiku aliweka kibao na wino kando yake. Ikimpitia aya yenye hoja, alikaa akaiandika, kisha akarudi katika sala yake.

Aliwatuma wanafunzi wake kulingania Maghrib, Khurasan, Yemen, Kufa na Armenia. Alifariki mwaka 131 Hijria (748), akiwa na umri wa miaka 51 kwa hesabu ya Hijria.

Hayo ndiyo maisha yake kwa ufupi. Wahadhiri wengi wanapokisimulia kisa hiki humalizia kwa kusema kwamba tuwaambie watoto wetu wajitahidi kama Waasil na hakuna kinachoshindikana. Mimi nataka kusema kinyume kidogo.

Al-Jahiz anataja kuwa mtu mmoja aliuliza: sawa, alikwepa katika hotuba, lakini alifanyaje katika hesabu? Kumi ni ashara, ishirini, arobaini, yote yana ra. Alifanyaje na Jumatano, ambayo ni Arbiaa? Na miezi ya Muharram, Safar, Rabi, Rajab na Ramadhani? Aliyeulizwa hakuwa na maelezo, alijibu kwa ubeti wa kumsifu tu. Swali hilo linanigusa kuliko hotuba yenyewe. Maana yake ni kwamba mtu huyu hakuweza kununua kitu sokoni, kutaja siku wala kuuliza mwezi, isipokuwa kwanza apime. Mji alioishi, Basra, una ra. Jina la shemeji yake Amr lina ra. Miaka yote hiyo alibeba mzigo usioonekana, na watu wakamsifu kwa namna alivyoubeba. Ni wangapi walioufikiria uzito wake?

Na ipo sehemu moja ambayo haiwezekani kukwepa. Nayo ni sala. Takbira yenyewe ina ra mwishoni. Al-Fatiha, pamoja na Bismillahi yake, ina maneno manane yenye ra. Huwezi kubadilisha Rabbi ukaweka jina jengine, wala Sirat ukaweka neno linalokaribiana nalo. Mbele ya gavana Waasil aliweza kuficha. Mbele ya Mola wake hakuweza, wala hakutakiwa. Alisimama usiku pembeni ya kibao chake akasoma kwa ulimi ule ule aliopewa.

Kwa hivyo somo ninalolichukua ni hili. Mtoto mwenye kitembe au kigugumizi asilazimishwe kuwa bingwa wa kujificha. Waasil alikuwa na kipaji ambacho katika maelfu hapatikani mmoja. Mtoto wa kawaida akitaka kujificha haishii kwenye hotuba nzuri, huishia kwenye kimya. Huacha kuuliza darasani, huacha kujibu simu, husema hajui hali anajua. Na sisi tunamwandika kuwa ni mvivu.

Nasema haya nikiwa na deni. Nilipokuwa mwalimu kijana katika chuo kimoja hapa Unguja, zaidi ya miaka thalathini iliyopita, nilikuwa na mwanafunzi mwenye kigugumizi. Kila alipokwama nilimwambia arudi mwanzo. Nilidhani namsaidia. Siku moja tulikuwa tunajitayarisha kwa Maulidi, nikamrudisha mara sita au saba mbele ya wenzake, wakacheka, na mimi nikatabasamu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Hakurudi tena chuoni, na mimi sikwenda kwao kumuuliza. Namuomba Allah anisamehe, na yeye pia popote alipo anisamehe.

Laiti ningekumbuka hadithi niliyokuwa nikiisomesha kila mwaka. Bi Aisha (RA) amepokea kutoka kwa Mtume (SAW), katika Bukhari na Muslim, kwamba mahiri wa Qur-ani yupo pamoja na Malaika watukufu, na yule anayeisoma kwa kukwamakwama na kwa taabu ana ujira mara mbili. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni lile lile linalotumika kwa mtu ambaye ulimi wake unasitasita. Mtume (SAW) alimpa mtu huyo ujira wa ziada. Mimi nilimpa mwanafunzi wangu kicheko.

Na kabla ya Waasil yupo aliye bora kuliko yeye na sisi sote, Nabii Musa (AS). Qur-ani inatueleza kuwa alimuomba Mola wake alifungue fundo la ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Kisha akaomba msaidizi, ndugu yake Harun, kwa sababu ulimi wake ulikuwa fasaha zaidi, na Allah akamkubalia. Kuhitaji mtu wa kukusaidia katika kusema hakukumpunguzia Musa daraja ya utume. Na katika kisa hicho hicho yupo aliyemdharau Musa kwa kuwa hawezi kueleza sawasawa. Huyo alikuwa Firauni. Anayemcheka mtoto kwa ulimi wake na ajiulize amesimama upande wa nani.

Sasa niyajibu kwa mkato maswali ambayo watu huniuliza mara kwa mara.

Jee, sala ya mwenye kitembe inasihi? Inasihi. Anayeweza kujifunza kuitamka herufi ni wajibu wake kujifunza. Aliyejitahidi akashindwa, sala yake ni sahihi wala halipi. Kuhusu kusalisha, katika madhehebu ya Imam Shafi mwenye kubadilisha herufi katika Al-Fatiha huwasalisha walio mfano wake, na asitangulizwe mbele ya wanaoisoma sawasawa. Ama mwenye kigugumizi anayekariri herufi bila ya kuibadilisha, inakirihishwa tu kumtanguliza, na sala nyuma yake inasihi. Bubu hufunga ndoa kwa ishara inayofahamika, na ndoa yake ni ndoa. Sharia yetu imewawekea nafasi watu hawa tangu zamani. Tusiwe sisi wa kuwafungia mlango.

Jee, ni jini? Dua na kusoma Qur-ani ni kheri kwa kila mtoto. Lakini kigugumizi mara nyingi huanza baina ya miaka miwili na mitano, wakati mtoto anapojifunza kuunganisha maneno. Watoto kama watano katika mia hupitia hali hiyo, na wengi wao huiacha wenyewe. Wanaobakia nayo ukubwani ni kama mmoja katika mia. Sababu yake haimo katika malezi mabaya, na mama asilaumiwe. Ra nayo ni miongoni mwa herufi zinazochelewa kwa watoto wengi. Kitembe cha mtoto wa miaka mitatu si ugonjwa. Tena tutofautishe kasoro na lafudhi. Watu wengi wa bara hubadilishana ra na la kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwao. Huo si upungufu wa ulimi, ni alama ya pahala alipolelewa mtu.

Jee, tumkate kimeo, au kile kiugozi cha chini ya ulimi? Msimpeleke mtoto kwa mtu wa kukata. Wapo watoto waliotokwa na damu nyingi na walioambukizwa maradhi kwa visu vya namna hiyo, na kigugumizi hakimo kwenye kimeo. Kama kuna shaka juu ya kiugozi, daktari ndiye aangalie.

Basi tufanye nini? Kwanza masikio. Mtoto anayechelewa kusema apimwe kusikia hospitali, kwa sababu asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri, na kila anapogunduliwa mapema ndivyo anavyosaidika zaidi. Wataalamu wa matamshi nchini kwetu ni wachache, lakini ukiuliza katika hospitali kubwa utaelekezwa. Kigugumizi kikiendelea zaidi ya mwaka, au mtoto akianza kuyaogopa maneno, usingoje tena.

Nyumbani, mtazame usoni anapozungumza na umuache amalize. Usimmalizie neno lake. Usimwambie avute pumzi au aseme polepole. Sema wewe polepole, naye atakufuata. Akitamka neno vibaya, usimrudishe mwanzo. Lirudie wewe kwa usahihi ndani ya jibu lako, kisha mazungumzo yaendelee. Mtoto asiyesema kabisa aachiwe atumie ishara na picha. Hizo hazimzuii kusema, humpa njia ya kufahamika.

Chuoni tunayo neema kubwa tusiyoijua thamani yake, nayo ni kusoma kwa pamoja. Wengi wenye kigugumizi hukwama wakisoma peke yao, na ulimi ukawa mwepesi wakisoma pamoja na wenzao au kwa mahadhi. Walimu wangu, tuanzie hapo. Asome na wote, kisha na wawili, kisha na mwalimu, na siku akiwa tayari asome peke yake. Na mwenye kucheka ndiye aitwe pembeni, si mwenye kuchekwa.

Nimalizie Kiruruma. Asubuhi baada ya alfajiri niliwaketisha wale watoto nikawasimulia habari za Waasil bin Ataa, kama nilivyokusimulieni. Nilipofika kwenye hotuba na sura aliyoichagua, yule kijana aliinua kichwa. Sikumtaja wala sikumtazama. Kisha tukasoma Al-Fatiha sote kwa pamoja mara tatu, naye yumo. Mwalimu wake, Allah amlipe kheri, aliniita kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama alikuwa amemkosea. Nikamwambia kosa hilo nililifanya kabla yake.

Siku ya kuondoka, baada ya dhuhuri, yule mtoto alikuja mwenyewe akasimama mbele yangu. Akasoma Al-Fatiha peke yake, taratibu, mpaka mwisho, na kila ra ikatoka kwa namna yake. Wenzake walikuwepo. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliitikia Amin kwa sauti, na watoto wote wakaitikia.

Ewe Mola wetu, zifungue ndimi za watoto wetu kwa yaliyo kheri. Wale ambao umewaandikia uzito, wape subira, na utupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Utusamehe tuliowacheka na tuliowakatisha maneno. Amin.

Wallahu aalam.